Hoja ya Nne

Alikozaliwa sijui, na wala sijawahi kuuliza. Ninachojua ni kwamba mtu huyu aliniudhi miaka minne mfululizo ya sekondari, kisha akaendelea kuniudhi miaka kumi na mmoja mingine nikiwa hata simwoni, na mpaka leo nikiona kalamu nyekundu mezani kwa mtu roho inanichafuka. Tulimwita Mwalimu, basi. Shule yetu ya Mkolani ilikuwa na walimu kadhaa, wa hesabu, wa jiografia, wa Kiingereza waliokuja na kuondoka, lakini mtu akisema "Mwalimu anakuita" hakuna aliyeuliza ni yupi.

Alifundisha fasihi. Alikuwa na koti moja la kahawia, mfuko wa kulia una chaki, wa kushoto una michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, ambavyo alivitafuna huku akifundisha. Mara mbili nilimwona kwa macho yangu akitia chaki mdomoni na kuandika ubaoni kwa mchembe. Hakucheka. Alitema, akafuta midomo kwa mkono wa koti, akasema, "Tuendelee," nasi tukaendelea.

Neno lake lilikuwa moja: "Umejuaje?" Ukisema mvua itanyesha, umejuaje? Ukisema fulani hakuja shule kwa sababu anaumwa, umejuaje? Siku ya wazazi mkuu wa shule alisimama akasema kwamba leo wazazi wote wamejaa furaha, na kutoka viti vya nyuma kabisa ikasikika ile sauti, bila hasira, kama mtu anayeuliza saa, "Umejuaje?" Wazazi walicheka mpaka mkuu akapoteza karatasi yake. Kwa wiki mbili hawakusalimiana, wale wawili, na Mwalimu wala hakuonekana kusumbuka.

Kwenye fasihi ndiko alikotutesa. Kila mmoja wetu alikuwa na daftari la mazoezi kama shule zote, halafu alikuwa na daftari la pili, dogo, ambalo Mwalimu alililazimisha na hakuna mwalimu mwingine aliyelijua. Ukimaliza sura ya riwaya unaandika humo mhusika alikuwa anawaza nini, na pembeni unaweka namba ya ukurasa ulikoliona wazo hilo. Ukiweka ukurasa sahihi, unapata tiki. Usipoweka, unapata lile neno kwa wino mwekundu, kubwa, limepigiwa mstari. Na ukithubutu kuandika "nahisi", jamani! Alichukua rula akaikata "nahisi" yako kwa mstari ulionyooka kama barabara mpya. "Hisia siyo ukurasa," alisema. Akikasirika Kisukuma kilimpanda, r zote zikageuka l, na wale wa viti vya nyuma walikuwa wakisubiri hapo ili wacheke chini ya madawati.

Mimi nilikuwa mtu wa nahisi. Nilihisi kila kitu. Kwa hiyo daftari langu lilikuwa jekundu kuliko la mtu yeyote darasani.

Sasa nieleze riwaya yenyewe, maana ndiyo iliyoleta matatizo yote. Kidato cha nne tulisoma riwaya moja ya kisasa ambayo mhusika wake mkuu ni mwanamke anayekaa kimya karibu kitabu kizima. Watu wanamsemesha, yeye anawaza. Mkwewe anamgombeza, yeye anawaza. Kuna mahali anaosha sufuria moja kwa kurasa tatu nzima, na kwa kurasa hizo tatu mwandishi anatupitisha kichwani mwake kama mtu anayekupitisha vyumbani mwa nyumba yake: hapa ana hofu, hapa ana wivu, hapa anamkumbuka dada yake. Wenzangu walisema kitabu kinachosha, hakuna kinachotokea. Mimi kiliniudhi kwa sababu nyingine. Kiliniudhi kwa sababu nyumbani kwetu kulikuwa na mwanamke anayeosha sufuria ile ile, kimya vile vile, na mimi sikupewa hata mstari mmoja. Mwandishi huyu alipata wapi ruhusa ya kuingia kichwani mwa mama wa watu? Mimi niliyelala chumba kimoja na wangu, niliyemletea maji ya kuoga, nimebaki mlangoni. Nilimwonea wivu mwandishi, nasema kweli. Niliona riwaya zinadanganya watoto kwamba watu wana ndani panaposomeka.

Mama aliuza dagaa Buzuruga, jirani na stendi. Mchana alikuwa na maneno ya kutosha, anaita wateja, anawatania makondakta, anajibizana na wenzake wa meza za pembeni. Akirudi jioni anakaa uani na ungo wake kuchambua mchanga na vijiti kwenye dagaa wa kesho, na hapo maneno yanakwisha. Unamuuliza kitu, anapepeta. Unamuuliza tena, anapuliza vumbi.

Na nilijua kwa nini. Angalau nilijidanganya kwamba najua. Baba alikuwa ameondoka kwenda machimboni Geita nikiwa darasa la sita, akapotea miaka mitatu, hakuna barua wala simu. Siku moja akatokea uani na viatu vipya na redio kwapani, anatabasamu kama mtu aliyetoka dukani. Kwetu binti anapiga goti kidogo anaamkia, hata kama mzee ni wa kupita njia tu. Mimi nilikuwa na ndoo kichwani. Nilimtazama, nikapita, nikaenda kumimina maji. Sikumpa shikamoo. Mama alikuwa pale pale kwenye ungo, akaona. Baba alilala usiku mmoja, alfajiri akaondoka na redio yake, hakurudi tena. Kuanzia jioni hiyo Mama akawa wa kimya.

Basi katika daftari la pili, kwenye ile sura ya sufuria, nikayaandika yote. Swali lilikuwa mhusika anawaza nini, utoe na mfano katika jamii yako. Niliandika kurasa saba. Hoja ya kwanza mwanamke huyu anaogopa, hoja ya pili amechoka, hoja ya tatu anamlaumu mtu aliye karibu naye ila hawezi kusema. Nikaendelea hivi, nayakumbuka: mama yangu akikaa kupepeta dagaa huwa ananilaumu mimi, kwa sababu nilimnyima baba shikamoo, akaondoka. Sikuweka namba ya ukurasa. Ningeiweka ipi?

Niliomba Mwalimu asilisome kwa makini. Mwalimu! Mwanafunzi mmoja aliwahi kuandika insha kuhusu stendi ya Buzuruga, namna wapiga debe wanavyoita abiria, Mwalimu akapanda baiskeli Jumamosi akaenda akakaa stendi nusu siku kuhakikisha. Jumatatu alimrudishia insha mbele ya darasa. "Ni kweli," alisema, "lakini umesahau mihogo ya kukaanga." Tulicheka wote. Ilitupita kabisa kwamba mtu anayekwenda Buzuruga kuhakikisha kelele za wapiga debe anaweza kwenda Buzuruga kuhakikisha mambo mengine.

Aliniita ofisi ya walimu. Daftari lilikuwa mbele yake, limefunikwa.

"Hili linabaki kwangu," akasema.

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Nalisahihisha."

"Wenzangu wamerudishiwa."

"Yao mafupi. Nenda darasani."

Nilimwomba mara nne kabla ya kumaliza shule, na mara zote nne jibu lilikuwa kwamba bado analisahihisha. Hata siku ya mahafali, nimevaa shada la maua shingoni, nilimfuata nyuma ya jiko la shule nikamwambia, Mwalimu, naondoka sasa, nipe daftari langu. Akatoa mchembe mfukoni akanipa. Nusura niutupe chini. Niliutafuna nikiwa nalia, halafu ulikuwa mtamu, jambo ambalo lilinikera zaidi.

Msidhani alikuwa mtu wa jiwe. Hapo ndipo alipokuwa akinichanganya. Yeye aliyetukataza kuhisi, ndiye aliyekuwa akitusomea kwa sauti zile kurasa za mawazo, na alipozisoma sauti ilishuka, akasoma kama mtu anayejisemea, na darasa la watu hamsini na kitu likanyamaza mpaka unasikia mbuzi wa jirani. Siku ya ile sura ya sufuria alifika katikati akaacha. Akavua miwani. Akatazama nje kwenye mawe ya mlimani kwa muda, kisha akasema, "Kengele imelia." Kengele haikuwa imelia. Zilibaki dakika ishirini. Akatoka, akaliacha hata koti kwenye kiti.

Kesho yake nilimfuata na ujeuri wangu. "Mwalimu, jana ulikuwa unawaza nini?"

Akanitazama. "Ukurasa wa ngapi?" akasema, akapita.

Huyo ndiye mtu. Nilimaliza shule nikaapa sitashika riwaya tena. Nikasomea maabara, sasa napima damu na mkojo wa watu, na hakuna mgonjwa anayeniuliza nimejuaje kwa sababu mashine imeandika. Lakini sikupona vizuri. Nilijikuta mtu akiniambia jambo namkazia macho nikisubiri ushahidi. Mchumba wangu wa kwanza aliniambia ananipenda, mimi nikamuuliza, unajua nilimuuliza nini. Hatukufika mbali.

Mama nilikaa naye miaka yote hiyo na sikumuuliza. Tuliongea habari za bei ya dagaa, za kanisani, za mabati yanayovuja. Ile siku ya ndoo hatukuigusa. Kila jioni nilipanga nitamuuliza, na kila jioni ungo ulikuwa katikati yetu. Kisha akaugua, akaugua kwa haraka, na mimi mtu wa maabara niliona majibu yake kabla hajayaona yeye. Alifariki asubuhi, nikiwa nimekwenda kuchota uji. Kwa hiyo mpaka hapo sikujua kama alinilaumu, na wa kuniambia hakuwepo tena.

Kwenye msiba Mwalimu alikuja. Alikuwa amestaafu, anakaa Kisesa, amekuja na baiskeli mpaka Mkolani kwa umri ule. Alikaa na wanaume, akaimba nyimbo zote, kisha akaja kunipa mkono wa pole. Alifungua mdomo kutaka kusema jambo. Mimi, mbele ya shangazi zangu, na jeneza halijatoka ndani, nikamwambia, "Daftari langu liko wapi?"

Akafunga mdomo. "Siyo hapa, mwanangu," akasema. Akachukua baiskeli yake. Shangazi yangu alinifinya mkono ukabaki na alama siku tatu.

Nilimpigia simu, hapokei. Nikaambiwa simu yake huwa anaizima kutunza chaji. Nilikwenda Kisesa mara ya kwanza nikaambiwa yuko shambani, mara ya pili nikaambiwa yuko kliniki ya macho. Nililitaka lile daftari kwa hasira ambayo sasa hivi nikiikumbuka naiona ilikuwa kubwa kuliko daftari. Nilitaka kusoma tena zile kurasa saba. Nione niliandika nini kuhusu Mama, nilimwona vipi, nilikuwa na ushahidi gani kwamba ananichukia. Huenda kulikuwa na jambo nililiona nikiwa na miaka kumi na minane na sasa nimelisahau. Mtu akikosa kitu cha kushika hushika hata daftari.

Mara ya tatu nilimkuta. Ilikuwa Jumamosi mchana. Alikuwa barazani kwake kwenye kiti cha plastiki, koti lile lile, macho yameingia ukungu. Mtoto wa jicho, yote mawili. Mbele yake kwenye mkeka alikaa binti wa kidato cha nne mwenye sketi ya shule, na nikaelewa kwamba mzee bado anafundisha, ila sasa hasomi tena, anasomewa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Sauti naijua, jina litakuja." Akageukia binti. "Endelea."

Binti akanisabahi kwa macho, akafumba daftari lake akalikalia, maana ilikuwa zamu ya kukariri. Akaanza kwa ile sauti ya wanafunzi wetu wanaokariri, isiyo na nukta wala pumzi: "Swali, mhusika mkuu anawaza nini katika sura ya sita, toa mfano katika jamii yako. Hoja ya kwanza mwanamke huyu anaogopa. Hoja ya pili amechoka. Hoja ya tatu anamlaumu mtu aliye karibu naye ila hawezi kusema, mfano katika jamii yangu mama yangu akikaa kupepeta dagaa huwa ananilaumu mimi..."

Nilisimama. Kiti kikaanguka.

"Hayo umeyatoa wapi?"

Binti alishtuka. "Kwenye desa, dada." Akazichomoa karatasi chini ya daftari, nakala ya nakala ya nakala, herufi zimefifia mpaka pembeni hazisomeki. "Kila mtu analo. Darasani kwetu tunalo wote. Hata Magu wanalo."

Lo! Nilihesabu kichwani. Madarasa kumi na moja. Kila mwaka watoto wamekuwa wakiandika kwenye mtihani kwamba mama zao wanapepeta dagaa. Watoto wa wafugaji ambao mama zao hawajawahi kushika ungo wa dagaa, watoto wa mafundi wa mjini, wote wamemnyima baba mmoja shikamoo! Wasahihishaji sijui walidhani mkoa huu una nini.

"Mwalimu," nikasema. "Uligawa daftari langu."

Hapo ndipo jina lilipomjia, akalitaja. "Niliwapa waliokufuata walisome," akasema. "Nilitaka waone mtu anavyosoma kitabu na maisha yake yote. Wasome, kisha waandike ya kwao. Wakanakili. Walinakili mpaka makosa yako ya vituo."

"Miaka yote hiyo ulikuwa unakata nahisi zangu!"

"Nilizikata. Zilikuwa hazina ushahidi."

"Basi nipe lenyewe niondoke."

Akainamisha kichwa. "Mchwa," akasema. "Mvua za mwaka juzi, sanduku lote. Ndiyo maana pale msibani sikuweza kukujibu. Nilikuja na jambo la kukwambia, wewe ukaniuliza daftari, nikaona haya."

Kwa hiyo limekwisha, nikajisemea. Nilichukua mkoba wangu. Binti wa watu, masikini, alikuwa anatutazama huku na huku, na kwa kuwa aliogopa na hakujua la kufanya, alifanya alilozoea kufanya mbele ya mwalimu. Aliendelea kukariri alipoishia.

"...huwa ananilaumu mimi, kwa sababu nilimnyima baba shikamoo, akaondoka. Umejuaje. Hoja ya nne..."

"Hakuna hoja ya nne," nikamkata. "Mimi ndiye niliyeandika. Ziko tatu."

"Ipo, dada," akasema kwa adabu. "Ndiyo yenye maksi nyingi."

Nikamtazama Mwalimu. Alikuwa amegeuza uso upande wa barabara.

"Isome," nikasema.

"Hoja ya nne mama huyu hamlaumu binti. Siku binti alipomnyima baba yake shikamoo, mama alifurahi, kwa sababu yeye mwenyewe alitamani kumnyima na hakuthubutu. Kisha akaionea haya furaha yake. Ndiyo maana kila akimtazama binti anakosa la kusema. Chanzo, mama mwenyewe, Buzuruga."

Barabarani lori lilipita na ng'ombe.

"Ulikwenda," nikasema.

"Ulikuwa hukuweka ukurasa," akasema Mwalimu. "Nilimkuta na meza yake, nikamsomea zote saba. Alinifukuza. Nikarudi Jumamosi iliyofuata, akanifukuza tena. Ya tatu akaniuzia dagaa, akaniambia hayo. Nikayaandika chini ya yako, kwa wino mwekundu."

"Kwa nini hukuniambia? Miaka kumi na mmoja, Mwalimu! Nimekaa na yule mama miaka yote hiyo!"

"Aliniapisha. Alisema ukijua, hutamwamkia mtu tena maisha yako yote." Nusura acheke, hakucheka. "Nami nikajua karatasi itakufikia. Ilifika kwa kila mtu. Sikujua umekimbilia maabara."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia, na mabaya. Nilitaka kumwambia kwamba mtu hapelekewi neno la mama yake kwa kuligawa kwa mkoa mzima na kusubiri. Nilitaka kumwambia kwamba ana roho ya kiti cha plastiki. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini yale maneno ya Mama nilikuwa nimeyasikia mara moja tu, kwa haraka, kwa sauti ya mtoto mwenye hofu, na tayari yalikuwa yananiponyoka.

Niliinua kiti kilichoanguka nikakaa. Nilichukua ile karatasi, lakini mahali pa hoja ya nne wino ulikuwa umefifia, nikaona vivuli tu.

"Rudia," nikamwambia binti.

Akarudia.

"Polepole. Kuanzia pale pa 'siku binti'."

Akarudia polepole. Akaniuliza, "Kwani na wewe una mtihani, dada?" Mimi niliyewacheka wenzangu miaka minne kwa kukariri, nilimrudisha tena na tena, midomo yangu ikimfuata, na Mwalimu akatoa mchembe mfukoni akaunyoosha hewani upande wangu, kwa kuwa hakuona nimekaa wapi. Nikaupokea. Mara ya tano nilisema yote bila yeye.